Jibu la Sista Agneta

Mama Nestory, salamu baadaye. Nimetoka konventi sasa hivi, Evelina mpishi ametutoa machozi.

Unajua Sista Agneta anakwenda kwao likizo. Eti miezi mitatu tu, na magoti yale yaliyokwisha! Unajua pia mchezo wao wa jikoni: kila likizo anamtegea Evelina kitendawili. Evelina akishindwa hatoi mji hata kwa dawa, ili Sista alazimike kurudi na jibu.

Basi leo gari linanguruma, Sista kasimama mlangoni.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Naondoka nalo, nanyi nawaachia."

Evelina akacheka. "Mji sitoi! Utaniambia ukirudi."

Sista akamshika mkono. "Ni jina langu, Evelina."

Mayu wee! Katoa jibu! Hajapewa mji, hajaombwa, katoa jibu!

Evelina akaziba masikio kama mtoto, mbele ya Padre na kwaya nzima waliokuja kumuaga Sista. "Sijasikia, Sista! Sijasikia!"

Gari limeshashika njia ya Kahama. Nimemwacha bado yuko getini, mikono masikioni, na hakuna aliyethubutu kumwambia aishushe.