Mnada Bila Spika Huko Ugiriki

Durban, Afrika Kusini

Baba yangu mpendwa,

Mbukwenyi! Nakuamkia kwa mikono miwili, ingawa mmoja umeshika kalamu. Koo linaendeleaje? Unakunywa chai vuguvugu kama daktari alivyosema, au umeirudia ile ya moto ya kubabua ulimi? Magoti ya Mama je? Na lile dume la kijivu limepata mnunuzi, au bado unamfukuza kila anayelitazama vibaya? Sisi huku wazima. Mimi nimeongezeka kidogo tumboni, lakini ni unene wa heshima, si wa maradhi.

Dada Neema amenipigia akanieleza uamuzi wako. Kwamba Desemba, siku ya harusi yangu, hutasimama kuwakaribisha wakwe, na badala yako atasema Baba Mdogo Daudi. Kwamba sauti uliyobakiwa nayo baada ya operesheni ni ya bata mwenye mafua, na hutaki Warundi warudi kwao wakisema wamemwoza binti yao kwenye ukoo wa mabata. Baba, nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Na kwa kuwa simu umeikataa tangu koo lilipopasuliwa, imebidi niandike, mimi niliyeacha shule nikidaiwa insha mpaka leo. Basi insha yenyewe ndiyo hii. Usiisahihishe kabla hujafika mwisho, maana nimetoka Ugiriki, na nimerudi na jibu lako.

Ndiyo, Ugiriki. Kaa vizuri kwenye kiti.

Unajua siku za kazi mimi ni mbeba makasha kwenye ghala huku Clairwood. Lakini Jumamosi ikifika mimi ni MC Tarumbeta, na katika Durban hii harusi isiyo na Tarumbeta ni kikao cha msiba chenye keki. Nasherehesha kwa Kiswahili chetu, cha Wakenya na cha Wakongo, na Kizulu cha kuombea maji. Sasa kuna Mkenya mmoja, Dokta Nafula, anafundisha chuo kikuu na anakaa Glenwood. Kwenye harusi yake nilimchekesha mpaka kope za bandia zikadondokea kwenye keki. Mwaka huu akanifuata ghalani na viatu vyake virefu, akaniambia mdogo wake anaolewa na Mgiriki, huko huko Athene.

"Tarumbeta, wale watu hawana MC. Utakuja?"

Nikamjibu, "Dokta, ngoja niangalie kama nina nafasi."

Nafasi, Baba! Kichwani nilikuwa nimeshafunga sanduku na kulibeba. Tiketi na mambo ya viza wakashughulikia wao. Tumbo na malazi baada ya harusi, juu yangu.

Kuhusu harusi sitaki kujisifu. Nitasema tu kwamba baba wa bwana harusi, mzee asiyejua neno hata moja la Kiswahili, alicheka mpaka akalia, akanibusu mashavu yote mawili. Alichokicheka sikijui. Kazi yangu ni kuchekesha, si kuuliza. Bwana harusi naye akaniambia, "Wewe mtu wa kipaza sauti, usiondoke nchi hii bila kufika Epidauro. Kuna ukumbi wa kale wa mawe. Mtu anaongea katikati, na aliyekaa safu ya mwisho anamsikia. Hakuna spika, hakuna umeme."

Baba, nilikusikia sikioni. Unakumbuka siku niliponunua spika yangu ya kwanza nikaja kuringa nayo uani? Wewe, mnadi wa ng'ombe wa Mpwapwa, uliyetaja bei kwa koo lako tu na mwenye duka ng'ambo ya korongo akaijua, ulinitazama ukasema: "Mwenye spika si mwenye sauti. Umeme ukikatika ndipo utajijua." Nikasema, haya, leo ndipo nitakapommaliza mzee.

Nilikuwa na siku chache kabla ya ndege, na mfuko mwembamba kama ulimi wa mjusi. Nikapata mwenzangu wa umaskini, Mama Trufosa, shangazi wa bibi harusi, mjane kutoka Bungoma. Naye alikuwa na hamu ya kutembea na hana cha kutembelea. Ila alikuwa na chapati za harusi, mfuko mzima. Tulizila mpaka zikawa kama soli ya kiatu, tukawa tunazilainisha kwa nyanya na mafuta ya zeituni, ambayo kule yanamwagwa kama maji. Tulilala kwenye nyumba za wageni za vijana, vitanda vya ghorofa kama bwenini, yeye kwa wanawake, mimi kwa wanaume wanaokoroma kwa lugha zote za dunia.

Lile hekalu lao kubwa la mlimani pale Athene tulilitazama kutoka chini, bure. Nilimwambia Mama Trufosa, "Hata mnadani, kumtazama ng'ombe hakulipiwi." Lakini karibu yake kuna kilima cha jiwe tupu, Areopago, pale ambapo Mtume Paulo alisimama akawahubiria Waathene. Paulo hakulipa kiingilio, na mimi sikulipa. Nimekanyaga pale kwa miguu yangu, mwambie mchungaji! Ila jiwe limesuguliwa na nyayo za watu mpaka linateleza kama sabuni, nikaenda chini kwa makalio mbele ya watalii.

Mama Trufosa hakuninyooshea hata mkono. "Paulo alianguka njia ya Damasko akamsikia Bwana. Wewe umesikia nini?"

"Nimesikia suruali inachanika."

Kesho yake tukapanda basi la bei ya chini, tukashuka, tukapanda lingine, mpaka Epidauro. Ni porini, katikati ya misonobari, na nyenje wanalia kama mashine ya kusaga. Zamani ilikuwa kama hospitali. Wagonjwa walikuja kulala pale ili mungu wao awaoteshe dawa. Sasa zimebaki nguzo zilizoanguka na misingi. Sikucheka pale, Baba. Nilikumbuka benchi la hospitali tulilokalia mimi na Mama ukiwa ndani.

Halafu ukumbi wenyewe. Fikiria bonde la mnada, lakini kila mahali mtu angeweza kusimama kuna kiti cha jiwe, safu juu ya safu mpaka mbinguni, zimepinda kama ungo uliokatwa. Chini katikati kuna jiwe bapa la mviringo, kama mfuniko wa sufuria. Mama Trufosa alipanda mpaka safu ya juu kabisa, akipumzika njiani na kumtaja Yesu. Kutoka chini alionekana kama punje ya choroko iliyofunga kitambaa chekundu.

Nikasimama juu ya jiwe. Nikajaza kifua. "Mabibi na mabwanaaaa!"

Filimbi! Prrrrii! Mlinzi, mwanamke wa sare ya bluu, akaja mbio na kidole mdomoni. Kelele marufuku. Nikirudia, nje. Alisema kwa Kiingereza, na Kiingereza cha namna ile hata aliyeishia darasa la saba anakielewa. Watu wote waliokaa wakageuka kunitazama.

Unanijua, Baba. Ninyime chakula, nitavumilia. Ninyime sauti, ninabaki nini? Suruali, tena iliyochanika. Nilitaka kushuka nikajifiche misonobarini. Ndipo nikakukumbuka unavyoongea siku hizi: unavuta pumzi, unatoa neno moja moja, taratibu, kama mtu anayetoa mayai kikapuni. Nikaongea vilevile. Sikuwa nakuigiza. Ndiyo njia pekee niliyokuwa nimebakiwa nayo.

Nikasema, "Mimi ni Ndahani, mtoto wa Mzee Chiwanga, mnadi wa Mpwapwa. Leo nanadi mama mmoja wa Bungoma, aliyekaa kule juu. Meno yote yapo. Chapati anapika. Magoti yamechoka kidogo. Tunaanzia ng'ombe kumi. Kumi, mara ya kwanza. Kumi, mara ya pili..."

Kimya. Hata nyenje nadhani walisita. Halafu kutoka kule mbinguni:

"Kumi? Wewe kijana, kwani mimi ni mbuzi? Ishirini!"

Na akaangusha kigelegele, Baba! Kigelegele cha Bungoma, kikazunguka mawe yote yale kikanirudia kifuani. Watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Yule mlinzi alishika filimbi yake, akaiangalia, akairudisha mfukoni akicheka. Nimesikika, Baba! Mpaka safu ya mwisho, bila spika, bila umeme, kwa mnong'ono! Yuko wapi MC mwingine Durban nzima aliyefanya hivyo? Nitajie mmoja.

Najua unavyosema sasa hivi, unatikisa kichwa: "Hayo mawe ndiyo spika. Amebadilisha waya kwa mwamba." Subiri kwanza.

Tulikuwa hatujaondoka, likaja basi zima la watalii. Wakajaa kwenye zile safu, wanaitana, wanapigana picha, wanatafuna biskuti. Mama Trufosa bado yuko juu, akanipungia mkono: rudia, anataka kunirekodi na simu yake. Nikarudia. Jiwe lilelile, koo lilelile, maneno yaleyale. Nikamwona anaweka mkono sikioni. "Nini? Unasema nini?" Hakusikia hata jina langu, na aliyekaa nusu ya njia naye hakusikia kitu.

Aliposhuka, anajikanda magoti, akaniambia, "Si mawe pekee, kijana. Hapo kwanza watu walikuwa wamenyamaza."

"Walinyamaza kwa nini?"

"Si walitaka kuona mtu wa mdomo mkubwa kama wewe atafanya nini bila mdomo."

Basi ndilo jibu nililokuletea. Nimelibeba kutoka Epidauro, na halikuongeza uzito kwenye mzigo. Wewe miaka yote mnadani ulikuwa unashindana na ng'ombe, na wauza dawa za panya, na redio ya kinyozi. Ulihitaji sauti kubwa kwa sababu hakuna aliyekunyamazia. Harusini hakuna ng'ombe, isipokuwa aliyeko kwenye sufuria. Watu wakinyamaza, mnong'ono wako unatosha kiwanja kizima cha kanisa na chenji inabaki.

Niliporudi Durban nilimsimulia mchumba wangu Esperansi. Yuko kwenye kibanda chake anasuka nywele za mteja, hakuinua hata macho. Unajua Kiswahili chao Warundi wa huku kimechanganyika na cha Wakongo. Akasema, "Mimi naolewa na mutoto wa nani? Wa baba mudogo? Baba yangu anatoka Burundi kuja kusikia papa yako. Kama iko sauti kidogo, tutasogeza viti." Mteja wake naye, kichwa kimeinamishwa, akaitikia, "Eish, si wasogeze viti tu." Hivyo ujue, nyumba nzima imekupigia kura, na wapita njia pia.

Nami nimepanga hivi. Spika zitakuwepo kwa ajili ya muziki, vijana lazima waruke. Ikifika zamu yako, nitanyanyuka mwenyewe, bwana harusi na suti yangu, nitachukua kipaza sauti, niseme neno moja tu: "Kimya." Halafu nitachomoa waya kwa mkono huu. Siku hiyo, Baba, Tarumbeta ndiye atakayekuwa mlinzi mwenye filimbi, na ole wake atakayetafuna biskuti. Baba Mdogo Daudi asinune, kazi yake ipo. Sauti ile inafaa sana kutangaza pilau limeiva.

Nisalimie Mama, mwambie Esperansi amemchagulia kitenge na rangi sitaitaja. Nisalimie Neema, dada mtoa habari. Baba Mdogo Daudi, kwa heshima zote na kwa sauti ya chini. Bibi mzaa mama, ambaye najua atauliza kama Ugiriki nilikula ugali: hapana, Bibi, na niliteseka. Nisalimie pia mchungaji wetu, mwambie jiwe la Paulo lipo kweli na linateleza.

Mama Trufosa atakuja. Atapanda mabasi kutoka Bungoma mpaka Mpwapwa, amekwisha kuapa. Hatakaa meza ya wageni. Atakaa nyuma kabisa, kwa wapishi, kwenye moshi. Wewe simama mbele, vuta pumzi, toa mayai yako moja moja, uninadi kwa wakwe. Ukisikia kigelegele kutoka kwenye masufuria, jua umefika safu ya mwisho.

Kule Epidauro yule mama alinikatiza, Baba. Niliishia mara ya pili. Mara ya tatu haijasemwa mpaka leo. Nimekuachia wewe.

Mwanao, mwenye spika na sasa mwenye sauti,

Ndahani Chiwanga