Nyuzi Alizozifunga Baba Yako

Mwanangu,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Mlango wa nyuma ufunge kwa komeo, ufunguo unakwama.

Asubuhi nilikaa na gitaa kama kila siku: kunyoosha vidole kwanza, kisha kuhama mkao hadi mkao polepole, wimbo mwisho. Likanikataa kabisa. Ukatokea ukicheka, "Mama, nimekugeuzia nyuzi! Nimefunga mpya, za zamani nimezitupa. Wewe huna mashoto kama marehemu baba, ndiyo maana husongi mbele."

Nililiweka gitaa chini, nikatoka. Usidhani nimekasirika, najua ulitaka kunirahisishia. Ila mimi sikuwa na haraka ya kufika popote. Nyuzi zile alizifunga yeye wiki ile aliyolazwa, nami nilikuwa naweka vidole pale alipokuwa akiweka vyake.

Zitoe kwenye pipa kabla gari la taka halijapita. ~~Uzirudishe kama zilivyokuwa.~~ Acha, usizirudishe. Hutaweza kuzifunga alivyofunga yeye. Ziviringishe tu, uziweke chini ya mto wangu.

Jioni nitaanza upya, kwa mkono wa kulia. Ukae karibu nami, maana upande huo sitamkuta mtu.

Mama yako