Maji Uliyoniomba

Mama,

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima anasema barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Hali yako siulizi. Yangu nitakueleza, ingawa tangu juzi kalamu naishika na kuiweka. Ulinitania sana nilipojiandikisha, ukasema natafuta ukarani uzeeni. Basi hii ndiyo barua yangu ya kwanza, na namwandikia mtu ambaye hakujua kusoma.

Tumehama, mama. Sote wa kule mlimani tumeshuka kijijini, hapa Kitahana. Nyumba zimepangwa mstari, mlango wangu unatazamana na wa jirani mpaka najua amepika nini. Wewe umebaki kwenye mahame yetu, nyuma ya migomba, na kutoka hapa ni mwendo wa saa nzima. Mbuzi wako nimekuja nao wote watano, pamoja na Kijivu, yule asiyempisha mtu njiani hata akija na baiskeli.

Huku hakuna ule udongo wa chumvi waliokuwa wakiulamba bondeni. Haikupita miezi miwili, mbuzi wakaanza kula mchanga, kulamba ukuta, kutafuna kamba na hata khanga yangu iliyoanikwa. Manyoya yakawasimama, wakakonda. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiwaambia waliokuja kukuuliza dawa: "Mbuzi akila ukuta hana wazimu, anataka chumvi." Nikaenda Kibondo dukani, nikaleta bonge la chumvi ya Uvinza, nikalitundika bandani pale wanapolifikia kwa ulimi. Wakatulia. Nikajiona mimi ndiye wewe.

Kisha mtoto wa Kijivu, jike wa wiki tatu, akaanza kuhara. Kijivu amezeeka, na huyu nadhani ndiye wa mwisho atakayemzaa. Nikafanya ulivyonifundisha. Nikamtenga na mama yake, nikaondoa chungu cha maji. "Tumbo likifunguka, funga maji." Nimeyasikia maneno hayo tangu sijajua kubeba mtungi, na watu walitoka mpaka Kasanda kuja kukuonyesha mbuzi wao, sasa nani angebisha? Siku ya pili hakuweza kusimama. Macho yalikuwa yamezama ndani.

Asubuhi hiyo akapita bwana mifugo. Ni kijana kutoka Singida, serikali imemleta huku, na Kiha chake kinachekesha. Aliegesha baiskeli, akapiga magoti kwenye samadi bila kukunja suruali. Akaibana ngozi ya shingo ya yule mtoto kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama.

"Mama, huyu amenyimwa maji?" akaniuliza. Nikamjibu ndiyo, tena kwa majivuno.

Hakunigombeza. Alisema nichemshe maji chupa moja, yakipoa nitie chumvi ya kushika kwa ncha za vidole vitatu na asali kijiko kimoja, nimnyweshe kidogo kidogo, nisimharakishe asije akapaliwa. "Kinachomuua ni kukauka," akasema. "Maji anayoyatoa, wewe yarudishe." Kisha, akiwa anafunga mkoba wake, akaongeza: "Hata mtu ni hivyo hivyo."

Akapanda baiskeli, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika kijiko.

Mama, ngozi ya mkono wako. Mchana ule wa mwisho nilikuwa nikikupapasa, nikaibana kidogo, nikaiona imesimama vile vile. Nikadhani ni uzee. Ulikuwa na siku mbili unahara, mvua imefunga njia ya zahanati, na mtungi nilikuwa nimeutoa nje ya mlango ili usiuone. Uliniomba maji mara tatu. Mara ya tatu hukusema, uligeuza tu uso mlangoni. Nami nikakujibu kwa ukali wako mwenyewe: "Tumbo likifunguka, funga maji." Ukatikisa kichwa kukubali. Ningejua la kufanya kama ungenilaani. Kukubali kwako ndiko kunakonichoma.

Msibani walinisifu kwamba nilikuuguza vizuri. Nilizipokea sifa hizo, mama, na nikawashukuru.

Nimekukasirikia pia, nisikufiche. Kwa nini ulikuwa na uhakika kiasi kile? Chumvi ilitundikwa juu ya jiko, asali ilikuwa kwenye kibuyu pembeni yake, maji yapo mlangoni. Vyote vilikuwa nyumba moja, na kati yetu wawili hakuna aliyejua kuviweka pamoja. Lakini hasira hiyo haikai. Asubuhi naamka nayo, nikishika ufagio wa banda imekwisha, kwa sababu hata kushika ufagio ulinifundisha wewe.

Mtoto wa Kijivu nilimnywesha mpaka jua likazama, na kesho yake tena. Siku ya tatu alisimama huku miguu inamtetemeka, akamfuata mama yake, akanyonya. Nilimlilia pale pale bandani, na jirani akadhani amekufa. Sasa nafagia kila siku na kumwaga majivu wanapolala. Anayehara namtenga, lakini namtenga na maji yake. Mifupa naichoma, naitwanga, nachanganya na chumvi ili wailambe, maana bwana mifugo anasema nayo inawafaa. Nilimweleza maneno yako juu ya mbuzi anayekula ukuta. Akasema kwa chumvi ulikuwa sahihi kabisa.

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya wanawake wenzangu wa kisomo, nikawaeleza habari ya mbuzi. Mmoja akasema yeye ana mtoto mgonjwa nyumbani, na maji ameyafunga. Tulikwenda kwake mbio, tukachemsha pamoja, na mtoto anaendelea vizuri. Njiani aliniuliza nina uhakika gani kuwa dawa ya mbuzi inamfaa na mtu. Nikasema nimeambiwa na bwana mifugo. Sikukutaja. Jumatatu, kisomoni, nitakutaja. Nitasema ulivyoomba, na aliyekunyima alikuwa nani. Wakinitazama vibaya, wanitazame. Hilo nakuahidi, na ahadi ya pili ni kwamba katika nyumba yangu hakuna mgonjwa, mtu wala mbuzi, atakayeomba maji akakosa.

Kesho asubuhi napanda mlimani. Barua hii nitaiweka chini ya jiwe, upande wa kichwani pako. Maji nimekwisha kuyachemsha, nimeyatia kwenye kibuyu chako, na chumvi yake na asali yake. Najua nimechelewa. Uliomba mara tatu, nitamimina mara tatu, na sitakuharakisha.

Pumzika, mama.

Ni mimi, mwanao.