Breki au Redio

Mjukuu wangu Neema,

Salamu zako kutoka Houston zimetufikia. Huku Haltom City bibi yako amepona mguu, amerudi kwaya. Umeuliza uagize nini kiwandani kwenye pikapu yako ya kuvuta trela la kulala: viti vya ngozi, au breki ya injini ya kulizuia gari mteremkoni.

Nilipokuwa dereva kijana kule Uvira, tajiri wangu aliagiza lori jipya. Akaniuliza, "Tuongeze breki ya injini au redio kubwa?"

"Redio, bosi," nikajibu. Mdogo wangu Bahati, tuliyeendesha kwa zamu, akapiga makofi.

Mwezi huohuo breki zilikataa mlimani, Bahati akiwa kwenye usukani. Tulimzika Jumamosi.

Agiza breki. Mama yetu alikufa bila kujua nani alichagua redio. Sikuthubutu kumwambia. Wewe ndiye wa kwanza.

Babu yako