Buti Alizoniachia Mtalii

Karatu, Jumanne jioni

Sikusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo linalonitisha. Nimevua buti alizoniachia mtalii mmoja, nikakuta soksi imelowa damu. Kidole gumba kimechubuka hadi nyama, na nimetembeza wageni Ngorongoro kutwa nzima bila kujua.

Mimi navaa namba 44. Buti ni 42, na nilijua. Lakini nani angemheshimu mwongoza watalii mwenye katambuga za tairi?

Mke wangu ameuona mguu, akakaa chini. "Baba Neema, wewe una sukari. Baba yako alianza hivihivi."

Alianza na lengelenge. Wakamkata chini ya goti.

Kesho asubuhi naenda hospitali, na katambuga zangu. Nimekibonyeza kidole tena sasa hivi, kwa nguvu.

Hakiumi.