Aiskrimu Juu ya Mkate wa Mama Gona

Hawe Kahonzi anawajibu wasomaji

Hawe wetu Kahonzi, bibi yetu sote, shikamoo. Nimekuja kwako na jambo ambalo wengine watalicheka, lakini mimi limeninyima raha, kwa hiyo naomba msaada wako, na nakuomba usinicheke mpaka nimalize.

Mimi naitwa Mwikali, kwetu ni Kitui, nimeolewa hapa Sabaki na mume wangu anaitwa Gona, na kazi yangu ni kutengeneza aiskrimu katika duka moja pale Malindi mjini, duka la Mtaliano, ambako nimejifunza kupika maziwa na mayai bila kuyakatisha, na kukoroga mpaka yawe laini, na kujua ladha ipi inakaa na ipi, kwa sababu pale wageni huagiza keki ya chokoleti ikiwa ya moto, inatoka kwenye oveni hivi, nasi tunaiwekea bonge la aiskrimu juu, linaanza kuyeyuka na kuteremka pembeni, na mtu anafumba macho akila, na mimi Hawe nikiona mtu amefumba macho kwa kitu nilichokoroga mimi, nasikia raha hata sijui nikuelezeje.

Sasa mavyaa wangu, Mama Gona, ni mpishi wa mkate wa sinia, ule wa mchele wa kusaga na tui la nazi na iliki, anaupika kwa makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na hapa kwetu hakuna shughuli ambayo haitaki mkate wake. Mimi na yeye tulikuwa tunaelewana, nikitoka kazini namsalimia kwanza yeye ndipo naingia kwangu.

Basi wiki iliyopita wageni wakaja kumposa wifi yangu Nyevu, wakaja na shangazi wa huyo kijana anayeposa, Bi Jedida, mtu mzima, anakaa wima kama aliyemeza mchi, na Mama Gona alikuwa jikoni tangu alfajiri, nami nikasema leo na mimi nionekane, nikabeba aiskrimu ya chokoleti na ya kahawa katika ndoo ya barafu kutoka mjini mpaka Sabaki, na mkate uliposhushwa bado unafuka moshi Mama Gona akaenda kunawa na kubadilisha leso, nikaona nafasi ndiyo hii, nikaukata mwenyewe, nikaupanga kwenye sahani, nikaweka bonge la chokoleti na bonge la kahawa juu ya kila kipande, nikapeleka nje, nikaweka mbele ya Bi Jedida nikamwambia, "Karibu Bibi, kula upesi upesi kabla haijayeyuka."

Hakula. Hawe, hakuna aliyekula. Bi Jedida aliangalia sahani, akamwangalia Mama Gona ambaye ndiyo kwanza anatokea, Mama Gona akaniangalia mimi, na mimi natabasamu tu na kijiko changu mkononi, nikidhani wageni wanaona haya, aiskrimu inateremka, mkate unainywa, nami nilipoona inaisha nikaongeza bonge jingine juu, na hilo nalo likateremka, mpaka mkate wote ukawa uji mweusi, mzee mmoja akakohoa, na Bi Jedida akasema, "Watoto wa siku hizi wana mambo," akaomba maji.

Waliondoka kwa heshima, wakasema watarudi Jumamosi hii kuchukua jibu, lakini sahani zilibaki vile vile, kuku wakaja wakadonoa. Mama Gona hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliosha sinia lake, akalipangusa, akalipandisha juu ya kabati pale sebuleni, akasema, "Jumamosi wapikieni barafu yenu." Tangu hapo nikimwamkia ananijibu, lakini nikisema neno jingine ni "ehe" na "haya" basi. Nyevu analia, anasema wale watu wakirudi wakaukosa mkate wa mama watajua nyumba imepasuka, na nani atakuja kuoa kwenye nyumba iliyopasuka? Mume wangu yeye anasema, "Mwikali, hicho ni chakula tu," anageukia ukuta.

Hawe, nimefikiria labda kosa ni ile chokoleti, nipeleke ya vanila, au ya nazi kwa vile mkate wenyewe una nazi, au niache kabisa, nikae nyuma nioshe vyombo. Lakini nikiacha naona nitakuwa nimekubali kwamba nyumba ile haina nafasi ya mkono wangu. Nifanyeje?

Ni mimi mwanao, Mwikali, Sabaki.

Hawe Kahonzi anajibu:

Marahaba, Mwikali mwanangu. Nimesomewa barua yako, nikaomba nirudiwe pale pa kijiko. Mimi shule sikuiona hata dirisha lake, lakini jiko nimeliona, na mavyaa nimekuwa naye, na sasa mavyaa ni mimi. Kwa hiyo kaa kitako.

Uliniomba nisicheke. Nimecheka. Ulipoongeza lile bonge la pili nilicheka mpaka binti yangu anayenisomea akanipiga mgongo akidhani nimepaliwa. Sasa kicheko kimekwisha, nikukemee.

Unauliza kama kosa ni chokoleti. Chokoleti ina kosa lake, tutalifikia. Lakini hakuna aliyeikataa chokoleti yako, maana hakuna aliyeionja! Umeolewa na Wagiriama, macho yako umeyaweka wapi? Hata mnazi wa kunywa ukiletwa barazani, aliyeuleta hunywa kwanza mgeni akiona. Na chakula cha posa ni hivyo hivyo: mkono ulioandaa ndio unaoonja. Ni kumwambia mgeni, kula kwa moyo mweupe, humu hamna kitu ila chakula. Mavyaa wako akipika, hukata mwenyewe, huvunja pembe, hutia mdomoni, hutafuna, humeza, ndipo husema karibuni. Umemwona akifanya hivyo kila shughuli. Wewe ulidhani ni njaa?

Siku ile mkate ulikuwa wake na cha juu kilikuwa chako. Yeye hawezi kukuonjea kitu ambacho hajui kimetiwa nini. Alikungoja wewe. Bi Jedida alikungoja wewe. Wazee wote walikungoja wewe, nawe umesimama na kijiko unachekacheka. Tena unamwambia mtu mzima ale upesi upesi! Mgeni wa posa anaharakishwa kula kitu ambacho aliyekileta hakigusi. Ningekuwa mimi, ningeondoka na viatu mkononi.

Sasa hapa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ulipolala.

Mama Gona angeweza kusema pale pale, "Mwikali, onja." Maneno mawili tu, mambo yangekwisha, na mkate ungeliwa. Kwa nini hakusema? Kwa sababu wageni wangejua kwamba mkazamwana wake hajui desturi ya nyumba aliyoolewa, na aibu ingekukalia wewe mbele za watu. Akanyamaza, aibu ikaukalia mkate wake. Mkate alioamkia alfajiri. Wewe unaniandikia kwamba hakukugombeza, kana kwamba ni ubaya! Mwanangu, mama huyo alikufunika leso yake kwenye mvua, akalowa yeye.

Na lile sinia. Mwanamke aliyeapa hapiki tena hugawa vyombo vyake, humwita jirani akamwambia chukua hiki. Huyu ameliosha, amelipangusa, amelipandisha sebuleni, mahali ambapo kila anayeingia lazima alitazame. Huyo hajakataa kupika. Anangoja kuombwa.

Gona naye mwambie hivi: Hawe amesema kama hicho ni chakula tu, basi wiki hii asile.

Wewe nenda leo. Usimtume Nyevu, na usiende na ndoo ya barafu. Mikono mitupu. Mwambie, "Mama, nilikata mkate wako bila kukuuliza, na nikawawekea wageni kitu nisichokionja. Naomba nisamehe." Ukishasema, funga mdomo. Habari za Mtaliano na wageni wake wanaofumba macho usizitaje, hakuna aliyekuuliza. Akikujibu "ehe", kaa. Akikujibu "haya", kaa. Kama kuna mchele wa kuchagua, chagua. Kama kuna nazi, vuta mbuzi ukune. Utakuna, utakuna, mwisho atakwambia, "Hebu, nazi haikunwi hivyo." Hapo ujue umesamehewa, maana mtu akishakutoa moyoni hahangaiki kukusahihisha. Ndipo umwombe alishushe sinia. Usilishushe wewe, hata kama wewe ni mrefu kama mnara wa simu. Alishushe mwenyewe. Wewe mshikie kiti.

Haya, aiskrimu.

Usiiache. Nani amekwambia nyumba ile haina nafasi ya mkono wako? Nafasi ipo. Iko kando ya mkate, haiko juu yake. Keki yenu ya dukani ni nzito, kavu, ina uchungu kidogo, inataka kuloweshwa. Mkate wa sinia umeshakunywa tui lake ukashiba, ukiunywesha tena unatapika, nawe umeona kwa macho yako. Kwa hiyo aiskrimu tia kwenye vikombe vidogo vya kahawa, kila mtu na chake, achovye atakavyo.

Na usiwe na haraka ya kupakua. Mkate ukitoka kwenye makaa una hasira kama mtu aliyeamshwa. Weka kiganja chako juu yake. Ukiweza kukiacha pale huku unamwamkia mtu mzima, akakuuliza za nyumbani, na za watoto, na mvua imenyesha kwenu, ukamjibu zote, basi mkate uko tayari. Uwe vuguvugu. Ukiwa wa moto aiskrimu haionjeki, ukiwa baridi hamna raha ya kukutanisha hivyo viwili.

Ladha nazo. Chokoleti na kahawa zina sauti kubwa, zikiingia iliki haisikiki tena, na iliki ndiyo roho ya ule mkate. Ya nazi usipeleke: nazi kwa nazi ni kumwamkia mtu mara mbili, hajui aitikie ipi. Vanila haina ubaya, lakini ni mgeni anayekaa barazani mchana kutwa asiseme neno. Mkate uliojaa tui na sukari unataka kitu kikali kidogo cha kuamsha ulimi. Tengeneza ya ukwaju. Ukikosa ukwaju, embe ambalo halijaiva sawasawa, au ndimu pamoja na maganda yake kidogo. Sukari usimwage, sukari imo kwenye mkate. Ile chokoleti yako mtafutie keki ya ndizi ya vuguvugu, wataelewana hao. Na ya kahawa mpe mkate wa mayai, ule mkavu unaokwama kooni, atakushukuru.

Lakini hata ukwaju usiuamue peke yako, na usiuamue kwa sababu nimesema mimi. Kabla ya Jumamosi mwombe Mama Gona apike kimkate kidogo ndani ya sufuria, umpelekee ya ukwaju na ya embe na ya ndimu, mjaribu pamoja mle jikoni mlango umefungwa, yeye achague. Akichagua sicho nilichosema, mfuate yeye. Mimi sitakuwa Sabaki siku hiyo kuosha vyombo nawe.

Jumamosi akate mwenyewe, avunje pembe, aonje. Na wewe, pale pale mbele ya Bi Jedida, bila mtu kukukonyeza, chota kwenye kikombe chako, onja, meza. Kisha kijiko hicho hicho mpe Mama Gona. Akikipokea akatia mdomoni, wageni watakuwa wameshajua kama nyumba imepasuka au haikupasuka, na Nyevu afute machozi akavae.

Na mimi niwekeeni pembe ya mkate, ile iliyoungua kidogo. Meno niliyobakiwa nayo hayapatani na baridi, lakini ukija na ya ukwaju sitakufukuza mlangoni. Ila ukifika kwangu, Mwikali, onja kwanza nikikuona.