Mume Wangu Alinipigia Kutoka Kwenye Chemsha Bongo, Nikamuuliza Kama Amekula

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisikilize kabla hujanicheka, maana mtaani kwetu wameshanicheka wote na sasa umebaki wewe tu. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kazi ambacho mlango wake unafungukia barabarani, nashona magauni na sare za shule, na kwa miaka minane niliishi hapo na katika vyumba viwili vya nyuma pamoja na mume wangu, ambaye ni msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu, yaani kazi yake ni kusoma kitabu kabla hakijachapwa na kutia kalamu nyekundu kila penye kosa, na kazi hiyo, mshauri, hakuwa akiiacha kiwandani.

Nikisema "masaa", yeye anasema "saa". Nikisema "madawa", yeye anasema "dawa". Mwanzoni tulikuwa tunacheka, na mimi nilikuwa nakosea makusudi ili nimwone akiinua kichwa kwenye makaratasi yake. Kile kichuma ninachovaa kidoleni ili sindano isinichome, mimi tangu nijifunze kushona nakiita kikofia, naye hakuchoka kuniambia kinaitwa subana, hata siku moja akaninunulia kipya, akakifunga kwenye karatasi na kuandika juu yake SUBANA kwa herufi kubwa kama za mlangoni mwa ofisi, na siku hiyo tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini mwaka wa nane akaja mteja, mama mmoja mwenye maneno, nampima gauni la harusi ya binti yake, nikasema, "Ngoja nivae kikofia changu," na mume wangu pale kwenye benchi alipozoea kusomea makaratasi yake, bila hata kuinua macho, akasema, "Subana. Kikofia ni kofia ndogo." Yule mama akacheka, akasema, "Kumbe fundi hajui vifaa vyake!" Nikamaliza kumpima, na alipotoka nikamwambia mume wangu nimechoka kuishi kama karatasi ya mtihani. Akasema, "Nilidhani nakusaidia." Haikupita wiki mbili, kiwanda kikamhamishia mji mwingine, akaniambia, "Twende." Nikamwambia, "Nenda wewe, huko utapata watu wanaosema sawasawa." Akaenda. Hatukupeana talaka, tulipeana kimya tu, na sasa ni mwaka wa tatu. Miezi ya kwanza alikuwa ananiandikia ujumbe, nami naandika jibu kisha nafuta bila kutuma, naandika tena nafuta, kwa sababu kila nikisoma nilichoandika naiona ile kalamu nyekundu ikishuka. Mwisho na yeye akaacha.

Sasa mwezi uliopita akanipigia dada mmoja wa televisheni, wa kile kipindi cha chemsha bongo kinachoonyeshwa jioni, akasema kuna mshiriki ameniandika kwenye fomu kuwa mtu wa kupigiwa simu akikwama. Akataja jina la mume wangu. Akauliza, "Hapa amejaza 'mke'. Ni sahihi?" Nikasema ni sahihi kabla sijafikiri. Basi siku ya kurekodi nikafunga kazi, nikakaa na simu mapajani masaa matatu, ilipoita nikasikia mtangazaji akisema nina sekunde thelathini, kisha nikasikia, "Ni mimi," halafu akasoma swali. Kifaa cha chuma anachovaa mshonaji kidoleni kinaitwaje: bizimu, kipini, njumu au subana?

Mshauri, nilikuwa nimekivaa. Nilikuwa nimekivaa kidoleni wakati ananiuliza. Na jibu nalijua, nalijua kama jina langu, lakini neno lenyewe ndilo lile lililotutenganisha, ulimi ukakataa kabisa, na pia nilisikia sauti yake imekuwa nyembamba, na sauti yake huwa nyembamba hivyo akiwa ameshinda na makaratasi amesahau chakula, nami ndiye niliyekuwa nikimkumbusha kila mchana. Badala ya kujibu nikamuuliza, "Umekula?" Nikasikia watu studio nzima wakicheka. Yeye akasema, "Nimekula. Na wewe je?" Hapo hapo ikalia kengele, simu ikakatika.

Kipindi kilipoonyeshwa tuliangalia kwa dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, na majirani wakajaa mpaka mlangoni. Nikamwona mume wangu, amekonda, anajikuna kidole cha kati. Baada ya simu mtangazaji hakumaliza hata kurudia swali, yeye akasema, "Subana." Akapata. Swali lililofuata likawa, mfupa mdogo kuliko yote mwilini uko wapi, na msaada wa simu alikuwa ameshautumia, akafikiri, akasema, "Kidoleni." Dada yangu akapiga kelele, "Sikioni, jamani, sikioni!" Mume wangu akatolewa. Nyumba nzima ikanigeukia. "Mwenzio anaulizwa chemsha bongo, wewe unamuuliza chakula!" Tangu siku hiyo jina langu ni Fundi Umekula, wateja wananiita mlangoni, "Fundi Umekula, gauni langu tayari?"

Kesho yake akaniletea ujumbe wa neno moja: "Hukunijibu." Dada yangu ameusoma, anasema huyo mtu hajabadilika, alinipigia ili apime mbele ya nchi nzima kama hatimaye nimejifunza neno lake, na sasa bado analidai jibu. "Mwandikie subana yaishe," anasema, "halafu ufute namba." Ni siku ya kumi na mbili leo sijajibu.

Na kitu ambacho sijamwambia dada ni hiki. Kipande cha simu ninacho, nakisikiliza peke yangu, na sisikilizi swali, nasikiliza pale tu anaposema "Na wewe je". Upande wake wa benchi siweki kitambaa. Chakula nakula nimesimama kando ya cherehani, sufuria naipikia wawili bado, mkono umezoea. Siku hizi nikisema "masaa" nanyamaza kidogo kusubiri, na hakuna anayesema kitu.

Nimekaa na barua hii masaa mawili. Niambie, alinidhihaki au hakunidhihaki? Nimwombe radhi kwa kumkosesha ushindi? Nimwandikie hilo neno?

Ni mimi,
Fundi Umekula

*

Fundi,

Sijakucheka. Pale ulipomuuliza chakula nilitabasamu, hilo nakiri, lakini nilipofika kwenye sufuria ya wawili nilivua miwani.

Nianze kwa kukueleza mimi ni nani, ili ujue ushauri unatoka wapi. Nimefundisha lugha miaka thelathini na minne, kwa hiyo ugonjwa wa mume wako naujua vizuri, nami ninao. Barua yako ina "masaa" mara mbili ambapo hukuwa unasimulia masahihisho yake. Nimeyaacha yalivyo, na wahariri wa gazeti nimewakataza kuyagusa. Unaona? Barua imefika, imesomwa, na imeeleweka yote.

Mumeo alikosa. Kumsahihisha mtu faraghani, mkiwa wawili na mnacheka, ni mchezo wa mapenzi. Kumsahihisha mbele ya mteja wake, juu ya kifaa cha kazi yake, ni kumvunjia heshima kwenye kiti chake mwenyewe. Hata angekuwa na kamusi zote za dunia upande wake, alikosa. Siku mtakapokaa pamoja mwambie hivyo, na usimpunguzie.

Nawe ulikosa, mwanangu, na nitakugombeza kidogo. Mtu alikuandikia miezi kadhaa, ukawa unajibu na kufuta. Yeye huko alikuwa haoni unachofuta. Aliona kimya tu. Uliogopa kalamu nyekundu ambayo safari hii haikuwepo, ukamwadhibu nayo.

Sasa tuje kwenye simu. Dada yako namheshimu, mifupa anaijua, lakini hapa amekosea. Hebu tufikiri taratibu. Mtu aliyekununulia subana, akaandika neno hilo kwa herufi kubwa, akagombana nawe kwa ajili yake, akapoteza nyumba kwa ajili yake, anaweza kulisahau? Hawezi. Umeandika mwenyewe kwamba alijibu kabla mtangazaji hajamaliza kurudia swali. Jibu alikuwa nalo. Na simu ilikuwa moja tu, ambayo alipaswa kuitunza kwa swali gumu kama unavyotunza kitambaa cha mwisho. Akaitoa kwenye swali pekee la kipindi kizima ambalo hakuhitaji msaada.

Kwa hiyo acha kusema ulimkosesha ushindi. Swali la mfupa lilipokuja alikuwa mikono mitupu kwa hiari yake. Na msomaji wa vitabu kama yule kusema mfupa mdogo kuliko yote uko kidoleni! Akili yake ilikuwa bado kwenye kidole chako.

Je, alikuwa anakupima? Hapo ndipo ujumbe wake unapotusaidia, na niruhusu nishike chaki dakika moja tu. Angekuwa analidai jibu la televisheni, angeandika "Hukujibu". Swali lile lilikuwa la mtangazaji, na majibu manne yalitoka kwao. Yeye ameandika "Hukunijibu". Katikati ameweka "ni". Hiyo "ni" ni yeye mwenyewe. Mtu anayelipwa kwa kufuta herufi zisizohitajika haweki silabi nzima bila sababu. Anasema kuna swali lililotoka kwake, likaja kwako, nawe hukulijibu. Rudi kwenye barua yako utafute: katika sekunde zile thelathini, yeye kwa kinywa chake, bila kusomewa, alikuuliza nini?

"Na wewe je?"

Hilo ndilo swali lako, fundi. Umelisikiliza siku kumi na mbili kama wimbo, na hukugundua kwamba ni swali.

Sasa nisikilize, maana hapa sibembelezi. Neno "subana" usimwandikie, hakuliomba. Radhi ya kushindwa kwake usiombe, si yako. Dada yako mpe heshima yake yote ya ukubwa, ila simu usimpe, na akikuuliza mwambie mshauri amekataza. Wanaokuita Fundi Umekula waitikie. Wamekupa jina zuri kuliko wanavyojua.

Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Amekonda, anafanya kazi mbali, na miaka mitatu haiondoki kwa ujumbe mmoja. Huenda mkazungumza mkaona kwamba mlichobaki nacho ni kujuliana hali tu, na hilo nalo utalijua ukiwa umejibu, si ukiwa umefuta. Akija, kaeni kwenye benchi lile kabla hamjaenda vyumba vya nyuma, mkubaliane: ndani ya chumba cha kazi chako, mbele ya mteja, kile kichuma ni kikofia. Mkiwa wawili, asahihishe mpaka achoke, kwa kuwa naona hata wewe umekuwa ukimsubiri.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo una kazi moja. Kabla hujakanyaga cherehani, chukua simu. Usiandike barua kama hii yangu, usieleze, usisome mara ya pili. Amekuuliza kama umekula, nawe umeniambia mimi ukweli ambao ni wake yeye: unapika kwa wawili na unakula umesimama. Mjibu kwa neno moja, kama lake. Andika "Bado." Lina herufi nne, na hata yeye hatapata mahali pa kutia kalamu nyekundu.